Kitufe cha Tab na kazi ngumu ya kusaka hitilafu za kompyuta

ALASIRI ya Agosti 14, 2003, umeme ulikatika katika eneo kubwa la kaskazini mashariki mwa Marekani na katika jimbo la Ontario nchini Canada. Watu wapatao milioni 50 waliachwa bila umeme, treni za chini ya ardhi zilisimama njiani, na wafanyakazi wengi wa jiji la New York walilazimika kurejea makwao kwa miguu.

Uchunguzi uliofanywa na tume ya pamoja ya serikali za nchi hizo mbili ulionyesha kuwa chanzo hakikuwa kimoja. Miti iliyoachwa ikarefuka hadi kufikia nyaya za umeme ilichangia. Lakini tume ilibaini pia kwamba programu ya kompyuta iliyopaswa kupiga kengele za tahadhari, katika chumba kimoja cha kuongozea umeme jimboni Ohio, ilikuwa imekwama kwa zaidi ya saa moja bila ya wahusika kufahamu.

Hitilafu yenyewe iligunduliwa baada ya wataalamu kupekua kwa wiki kadhaa msimbo wa programu hiyo. Ilibainika kuwa sehemu mbili za programu ziliweza, kwa nadra sana, kugusa kumbukumbu zile zile kwa wakati mmoja, na kwa kufanya hivyo zikavurugana.

Tukio hilo ni mfano mmoja tu wa ukweli ambao watayarishaji wa programu duniani kote wanaufahamu. Kuandika programu ni kazi, lakini kutafuta kosa ndani ya programu iliyokwisha andikwa ni kazi nyingine, na aghalabu ndiyo iliyo ngumu zaidi. Anayesaka kosa hushika akilini mambo mengi kwa pamoja, na jambo dogo likimkatiza, huenda akalazimika kuanza upya.

Kwa sababu hiyo, zana za kazi hiyo zimekuwa zikiboreshwa hata katika mambo yanayoonekana kuwa madogo. Mojawapo ni uwezo wa kukamilisha maneno kwa kubonyeza kitufe cha Tab, ambao kwa mtu wa nje ni njia ya kupunguza uchapaji tu, lakini kwa msaka hitilafu ni njia ya kuiuliza programu maswali.

Dibaga ni nini

Programu inayotumika kusaka hitilafu ndani ya programu nyingine hujulikana miongoni mwa wataalamu kwa jina la dibaga. Jina hilo limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mdudu, ambalo mafundi walilitumia kuelezea kasoro za mitambo tangu karne ya 19. Mvumbuzi Thomas Edison alilitumia katika barua yake ya mwaka 1878.

Mwaka 1947, wahudumu wa kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard walimkuta nondo halisi amenasa ndani ya mtambo huo. Walimbandika kwenye daftari la kumbukumbu za kazi na kuandika kwa utani kwamba hatimaye mdudu mwenyewe amepatikana. Daftari hilo limehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya Smithsonian nchini Marekani.

Dibaga humwezesha mtaalamu kuisimamisha programu ikiwa katikati ya kazi na kuichungulia ndani, kama fundi anayefungua boneti wakati injini ingali inanguruma. Huweza kuona ni mstari upi wa msimbo unaotekelezwa, ni kifungu kipi kilichoita kingine, na ni thamani gani iliyohifadhiwa mahali fulani kwa wakati huo.

Mojawapo ya dibaga zinazofahamika zaidi ni GDB, iliyoandikwa na Richard Stallman mwaka 1986 kama sehemu ya mradi wa programu huria wa GNU. Nyingine ni LLDB, iliyoanzishwa na kampuni ya Apple na kuwekwa hadharani mwaka 2010 ndani ya mradi wa LLVM. Zote mbili huendeshwa kwa amri zinazochapwa kwenye kibodi, mstari mmoja baada ya mwingine.

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini, katika zama za picha na vitufe vya kubofya, watu bado wanachapa amri. Sababu ni kwamba kompyuta nyingi zinazohitaji kuchunguzwa haziko mezani pa mtaalamu. Ziko katika vituo vya mbali vya kuhifadhia data, au ndani ya mitambo isiyokuwa na kioo cha kuonyeshea picha, na njia nyepesi ya kuzifikia ni maandishi matupu yanayopita kwenye mtandao.

Tatizo la majina

Programu ya kompyuta ni mkusanyiko mkubwa wa majina. Kila kifungu cha maelekezo, ambacho wataalamu hukiita fanksheni, kina jina lake. Kila kigeu, yaani mahali pa kuhifadhia thamani inayoweza kubadilika, nacho kina jina. Kadhalika faili, aina za data na sehemu zilizomo ndani ya data hizo.

Chukulia programu ya benki yenye fanksheni tatu, moja ikiitwa hesabu_salio, nyingine hesabu_riba, na ya tatu hesabu_riba_ya_mwezi. Mtaalamu anayeshuku kuwa riba inakokotolewa vibaya huiambia dibaga iweke kituo cha kusimama mwanzoni mwa fanksheni husika. Katika GDB, huchapa neno break, kisha jina la fanksheni.

Akikosea herufi moja, dibaga itamjibu kuwa haifahamu fanksheni yenye jina hilo. Atalazimika kuirudia amri, au kwenda kufungua faili la msimbo ili kuangalia jina linavyoandikwa. Programu yenye fanksheni tatu si taabu. Programu kubwa za leo, kama vile kivinjari cha intaneti, zina majina yanayohesabika kwa malaki, na baadhi yake yana urefu wa kujaza mstari mzima.

Hapo ndipo kitufe cha Tab kinapoingia. Mtaalamu huchapa herufi mbili za mwanzo, he, kisha hubonyeza Tab. Ikiwa majina yote yanayoanza na herufi hizo yanashirikiana sehemu ya hesabu_, dibaga huijaza sehemu hiyo na kusimama, kwani haiwezi kujua ni lipi kati ya matatu linalotakiwa. Akibonyeza tena, huorodheshewa majina yote matatu. Akiongeza herufi r na kubonyeza Tab, dibaga hufika kwenye hesabu_riba, kisha humwachia yeye aamue kama aishie hapo au aendelee.

Ni sawa na mgeni anayeingia mtaani akimuulizia Juma. Mwenyeji mwenye busara hampeleki kwa Juma yeyote, wala hamwambii kuwa Juma hayupo. Humuuliza ni Juma yupi, yule fundi seremala au yule mwenye duka.

Asili ya uwezo huu

Wazo la kompyuta kummalizia mtumiaji neno si geni. Mfumo endeshi wa TENEX, uliotengenezwa na kampuni ya BBN ya Cambridge, Massachusetts, kwa ajili ya kompyuta za PDP-10 karibu na mwaka 1970, uliweza kukamilisha amri na majina ya faili. Wakati huo kitufe kilichotumika kilikuwa Escape.

Katika miaka ya 1970, Ken Greer wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alianza kuandika uwezo wa namna hiyo kwa ajili ya mfumo wa Unix. Kazi yake ilizaa programu ya amri iitwayo tcsh, ambayo herufi yake ya kwanza inaukumbuka mfumo wa TENEX.

Baadaye Brian Fox, aliyeandika programu ya amri ya Bash iliyotolewa mwaka 1989, alitengeneza pia maktaba ya msimbo iitwayo Readline. Kazi ya maktaba hiyo ni kushughulikia mstari ambao mtumiaji anauchapa, ikiwa ni pamoja na kufuta, kurejesha amri za awali na kukamilisha maneno. Kwa miaka mingi sasa inatunzwa na Chet Ramey, na GDB huitumia hadi leo.

Hata hivyo, Readline yenyewe haijui lolote kuhusu hitilafu za programu. Inajua tu kwamba mtumiaji amebonyeza Tab na kwamba neno linalokamilishwa limeanzia mahali fulani. Kuamua ni majina gani yanayofaa ni kazi ya dibaga yenyewe, na ugumu wote umo hapo.

Wingi unapogeuka mzigo

Ugumu wa kwanza ni wingi. Programu inapotafsiriwa kutoka msimbo wa binadamu kwenda lugha ya mashine, programu ya kutafsiri, iitwayo kompaila, inaweza kuagizwa iache nyuma maelezo ya majina yote. Katika kompaila nyingi za Unix agizo hilo huandikwa -g. Maelezo hayo huwa makubwa mno, na mara nyingi huizidi kwa ukubwa programu yenyewe.

Ili isimchelewe mtumiaji, GDB haisomi maelezo yote inapoanza. Husoma kwanza muhtasari, mithili ya faharasa ya kitabu, kisha hufungua sura husika pale tu inapohitajika. Utaratibu huo huifanya ianze kazi upesi.

Lakini kitufe cha Tab kikibonyezwa baada ya herufi moja tu, au bila herufi yoyote, utaratibu huo huvurugika. Dibaga hulazimika kufungua sura nyingi mno ili kukusanya majina yote yanayoanzia hapo. Katika programu kubwa, mtumiaji aliyebonyeza kitufe hicho kwa bahati mbaya aliweza kujikuta akisubiri kwa muda mrefu huku kumbukumbu ya kompyuta ikijaa. Orodha ambayo ingetokea mwishoni ingekuwa ndefu kiasi kwamba hakuna binadamu ambaye angeisoma.

Mwaka 2015, watunzaji wa GDB waliweka kikomo. Tangu hapo, dibaga hiyo ikifikisha majina 200 huacha kutafuta, huonyesha iliyoyapata, na kumtahadharisha mtumiaji kwamba huenda orodha hiyo haijakamilika. Anayetaka zaidi anaweza kukibadilisha kikomo hicho kwa amri ya set max-completions, au kukiondoa kabisa.

Uamuzi huo una gharama yake. Jina linalotafutwa linaweza kuwa la 201, na hivyo lisionekane. Lakini tahadhari inayotolewa humfahamisha mtumiaji kwamba anachokiona si chote, naye huongeza herufi moja au mbili ili kupunguza wigo. Hatari kubwa zaidi ingekuwa kukata orodha kimyakimya, kwani mtu angeweza kuamini kwamba fanksheni fulani haipo kumbe ipo, na kuisaka hitilafu mahali pasipohusika.

Alama zinazochanganya

Ugumu wa pili unatokana na jinsi majina yenyewe yanavyoandikwa. Katika lugha ya C, jina ni herufi, tarakimu na kistari cha chini tu. Katika lugha ya C++, jina moja linaweza kubeba nukta pacha mbili, mabano, mikato na hata nafasi tupu.

Kwa mfano, fanksheni ya salio iliyomo ndani ya aina ya data iitwayo Akaunti huandikwa Akaunti::salio(). Ndani ya faili la mashine, kompaila nyingi huligeuza jina hilo kuwa _ZN7Akaunti5salioEv, ambapo tarakimu 7 na 5 zinaonyesha idadi ya herufi za kila neno. Dibaga hulazimika kulirejesha jina hilo katika sura inayosomeka na binadamu kabla ya kulilinganisha na kile kilichochapwa.

Kwa muda mrefu, nukta pacha, mabano na nafasi ziliichanganya GDB kuhusu mahali ambapo neno limeanzia. Nukta pacha hutumika pia kutenganisha jina la faili na namba ya mstari, na nafasi hutenganisha jina na sharti linaloweza kufuata. Mtumiaji alilazimika kuanza jina kwa alama ya kunukuu ili dibaga ielewe kwamba yote yanayofuata ni jina moja.

Ilitokea pia kwamba sehemu ya dibaga iliyokamilisha majina na sehemu iliyotekeleza amri hazikuelewana. Kila moja ilikuwa na njia yake ya kuusoma mstari. Matokeo yake, Tab iliweza kushindwa kukamilisha jina ambalo amri ingelipokea bila tatizo, au kupendekeza kitu ambacho amri ingekikataa.

Marekebisho makubwa yalikuja katika toleo la 8.1, lililotoka Januari 2018. Watunzaji waliifanya sehemu ya kukamilisha majina itumie msomaji yule yule wa mstari anayetumiwa na amri ya break. Tangu hapo, kitufe cha Tab na amri yenyewe hutegemea uelewa mmoja.

Aidha, toleo hilo lilimwezesha mtumiaji kutaja jina fupi bila kuanza na ukoo wake wote. Akichapa break salio, GDB huweka vituo katika kila fanksheni yenye jina hilo, iwe ndani ya Akaunti au kwingineko. Kitufe cha Tab nacho hufuata kanuni hiyo hiyo, hivyo herufi chache za mwisho wa ukoo zinatosha kulifikia jina refu. Anayetaka jina kamili pekee huongeza neno -qualified.

Kufahamu kinachotakiwa

Ugumu wa tatu ni kutambua muktadha. Baada ya neno break, linalotarajiwa ni jina la fanksheni au la faili. Baada ya neno print, ambalo huonyesha thamani, linalotarajiwa ni jina la kigeu. Baada ya amri ya kufuta kituo cha kusimama, linalotarajiwa ni namba ya kituo, wala si jina la fanksheni.

Ukamilishaji usiozingatia tofauti hizo humpa mtumiaji kila kitu kila mahali, na kwa hiyo haumsaidii. Mwenye kuuliza bei ya sukari hahitaji kusomewa bei za bidhaa zote za dukani.

Mfano mzuri ni pale mtumiaji anapochapa print, jina la kigeu chenye data za akaunti, kisha nukta, halafu Tab. GDB huchunguza kigeu hicho ni cha aina gani, kisha huonyesha sehemu zilizomo ndani ya aina hiyo tu. Ili ifanye hivyo, ni lazima iweze kusoma sentensi ambayo haijakamilika na kuielewa hadi pale ilipokatikia, jambo ambalo ni gumu kuliko kusoma sentensi kamili.

Dibaga nyingine zimepita njia hiyo hiyo. Dibaga ya lugha ya Python, iitwayo pdb, ilipata uwezo wa kukamilisha si majina ya amri tu bali pia viambatisho vyake katika toleo la Python 3.3 la mwaka 2012, na kwa mara ya kwanza neno break likaweza kufuatiwa na majina ya faili na fanksheni yaliyokamilishwa kwa Tab.

Kwa upande wa LLDB, sehemu ya kazi hiyo ilifanywa mwaka 2020 kupitia mpango wa kampuni ya Google unaowalipa vijana kushiriki katika miradi ya programu huria wakati wa kiangazi. Kupitia kazi hiyo, amri nyingi ambazo awali zilinyamaza Tab inapobonyezwa ziliwezeshwa kupendekeza namba za vituo, nyuzi za utekelezaji na taarifa nyingine za programu inayochunguzwa.

Mradi mwingine wa mwaka huo uliiongezea LLDB uwezo wa kuonyesha kwa maandishi yaliyofifia amri ambayo huenda mtumiaji anakusudia kuichapa, kwa kutazama amri alizokwisha kuzitumia. Uwezo huo ni tofauti na Tab, kwani unategemea mazoea ya mtu. Tab hutegemea yaliyomo ndani ya programu.

Kuuliza bila kuvuruga

Ugumu wa nne ni wa aina yake, na unazihusu dibaga kuliko programu nyingine zinazokamilisha maneno. Programu inayochunguzwa imesimamishwa katika hali ambayo huenda ilichukua saa nyingi kuifikia. Swali lolote linaloulizwa halipaswi kuibadilisha hali hiyo.

Katika baadhi ya lugha, hata kutazama tu sehemu ya data kunaweza kutekeleza msimbo. Lugha ya Python, kwa mfano, humruhusu mwandishi kutengeneza kitu kinachoonekana kama sehemu ya kawaida ya data, kumbe ni fanksheni inayokokotoa jibu kila inapotazamwa. Ukamilishaji usio makini unaweza kuiendesha fanksheni hiyo mtumiaji anapobonyeza Tab, na huenda ikaandika kwenye faili au kubadilisha thamani nyingine.

Hali hiyo ni sawa na daktari ambaye kipimo chake chenyewe kinampandisha mgonjwa homa. Ndiyo maana waandishi wa ukamilishaji hujitahidi kutumia maelezo yaliyoachwa na kompaila, au orodha ya majina pekee, badala ya kuigusa programu iliyo hai.

Kanuni hiyo inahusu pia makosa. Mtumiaji akibonyeza Tab katikati ya sentensi isiyo na maana, dibaga haipaswi kuanguka wala kujaza kioo kwa malalamiko. GDB katika hali kama hiyo huchagua kunyamaza, na mstari uliochapwa hubaki kama ulivyo.

Kupima maboresho

Swali linalofuata ni jinsi ya kuhakikisha kwamba kilichorekebishwa leo hakitaharibiwa kesho. Tab ni kitufe kinachobonyezwa na kidole, na si rahisi kukipima kama hesabu.

GDB ina amri iitwayo complete, ambayo hupokea mwanzo wa mstari na kuandika miendelezo yote inayowezekana, mmoja kwa kila mstari. Ilikusudiwa kwa ajili ya kihariri cha Emacs, ili nacho kiweze kuiuliza dibaga majina. Mwaka 2020, toleo la 9.1 liliongeza amri ya namna hiyo kwa ajili ya programu nyingine zinazoiendesha GDB kwa nyuma ya pazia.

Majaribio yanayoambatana na GDB hutumia njia zote mbili. Programu ya majaribio hujifanya mtu, hubonyeza Tab na kusoma kilichotokea, kisha huendesha amri ya complete na kulinganisha majibu. Njia hizo mbili zikitofautiana, mrekebishaji hujulishwa kwamba kuna kosa kabla halijamfikia mtumiaji.

Mtumiaji naye si lazima asubiri watunzaji. GDB humruhusu mtu kuandika amri zake mwenyewe kwa lugha ya Python na kueleza jinsi zitakavyokamilishwa. Msaka hitilafu wa programu ya benki anaweza kutengeneza amri ya kuonyesha akaunti, na Tab ikampendekezea namba za akaunti zilizomo katika kumbukumbu wakati huo.

Kwa kuwa GDB na LLDB ni programu huria, mtu yeyote mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuusoma msimbo wake, kuugundua upungufu na kupeleka marekebisho. Ukamilishaji ni mahali panapomfaa anayeanza, kwa sababu kasoro zake huonekana kwa macho na marekebisho mengi ni mafupi.

Ukweli wa jibu

Katika miaka ya karibuni, mifumo ya akili bandia imeanza kuwaandikia wataalamu amri na hata msimbo mzima. Mifumo hiyo hukisia kinachofuata kutokana na maandishi mengi iliyojifunza, na mara nyingi hukisia vema. Lakini inaweza pia kutaja, bila ya kusita, fanksheni ambayo haipo kabisa katika programu inayochunguzwa.

Kitufe cha Tab ndani ya dibaga hakikisii. Kila jina kinacholileta limetoka katika orodha ya programu ile ile iliyosimamishwa mbele ya mtumiaji. Kama jina limo, lilikuwemo wakati programu ilipotengenezwa. Uwezo wake ni mdogo, lakini jibu lake linaweza kutegemewa na mtu aliyechoka, usiku wa manane, akiwa hana tena uhakika na kumbukumbu zake mwenyewe.

Hakuna anayeweza kudai kwamba Tab iliyo bora ingeufupisha msako uliofuata giza la mwaka 2003. Hitilafu ya aina ile hujificha kwa sababu hutokea kwa nadra, na kuifichua kunahitaji subira na fikra za watu. Kinachoweza kusemwa ni kwamba subira na fikra hizo ni mali adimu, na chombo kinachomlazimisha mtu azitumie katika kukumbuka tahajia ya majina kinazipoteza.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kwa msaka hitilafu, kuuliza ndiyo kazi yenyewe, na maswali mengi anayoiuliza mashine kwa siku moja huanza kwa herufi mbili au tatu na kitufe kimoja. Ubora wa ukamilishaji hupimwa kwa jinsi maswali hayo yanavyojibiwa, yaani kwa haraka, kwa ukweli, na bila ya kukivuruga kile kinachoulizwa habari zake.